Boti ya Mtumba: Kabla Hujalipa, Igonge Usikie

Tuseme ni Ijumaa jioni. Uko zako Umoja au Kawangware, mshahara umeingia, na simu inalia. Ni nduguyo mdogo kutoka Kombewa. "Omera," anakuambia, "kuna boti ya faiba inauzwa hapa ufuoni. Mwenyewe amebanwa na karo. Bado ni mpya mpya, na unajua faiba haiozi. Ila kuna mtu wa Bondo anaitaka kesho asubuhi." Anakuomba utume pesa usiku huohuo.

Ndugu msomaji, usicheke. Pesa nyingi zinazotumwa nyumbani kutoka mijini huishia katika mambo manne: karo, mazishi, nyumba na mradi. Kwa watu wa ziwani, mradi mara nyingi ni chombo cha kuvulia. Vyama vya akina mama huchanga, ndugu huchanga, mstaafu hutoa kiinua mgongo chake. Kisha chombo hicho, ambacho mwenye pesa pengine hajakiona kwa macho, hupandwa usiku na vijana wanne watakaokwenda kuvua omena mahali ambapo taa za ufuoni hazionekani. Ukikosea kununua televisheni ya mtumba utakosa kutazama mpira tu, lakini ukikosea hapa utapigiwa simu nyingine, na hiyo hutataka kuipokea.

Kwa hiyo tulitazame lile neno "faiba haiozi". Lina ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayouzwa bila kutajwa.

Kombewa, kwa wasioifahamu, iko Seme katika Kaunti ya Kisumu. Ukitoka mjini Kisumu unafika njia panda ya Kisian, unaiacha barabara ya Busia na kushika ile ya Bondo. Upande wa kushoto nchi inateremka polepole hadi kwenye fukwe kama Asat na Kaloka, na mbele yako ni ghuba ya Winam. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Kenya ni asilimia sita tu, lakini hiyo asilimia sita ndiyo inayolisha masoko ya Kisumu, Luanda na kwingineko.

Wanafunzi watafurahi kujua kwamba jina la Kombewa limo katika vitabu vya wanaakiolojia duniani kote. Mnamo 1938 mmisionari wa Kianglikana, Arkidikoni Walter Edwin Owen, aliandika kuhusu zana za mawe zilizopatikana sehemu hizo. Mafundi wa kale walikuwa wakibandua kipande kikubwa kutoka kwenye jiwe, halafu hawakutosheka: wakakigeuza kile kipande chenyewe kuwa jiwe la kubanduliwa kipande kingine. Mpaka leo ufundi huo unaitwa wa Kombewa, hata ukionekana katika nchi za mbali. Waama, hapa ni mahali ambapo watu walijua thamani ya kitu kilichokwisha kutumika kabla hata mitumba haijaingia Gikomba!

ILE YA MBAO

Kabla ya kuhukumu faiba ni vyema tuielewe ile ambayo faiba inataka kuirithi. Chombo cha kawaida ufuoni ni mashua ya mbao inayoitwa sesse, jina lililotokana na visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Zamani mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za miti. Siku hizi zinapigwa misumari juu ya mkuku na mataruma, nyufa zinatiwa kalafati ya pamba, na fundi mwangalifu hupigilia vipande vya bati juu ya maungio ili pamba isichomoke.

Mbao iliyosifiwa tangu jadi ni ya mvule. Lakini mvule uliokomaa umekuwa adimu na ghali, kwa hiyo vyombo vingi vinaundwa kwa mbao laini zaidi ambazo hazistahimili maji kwa muda mrefu. Ndiyo maana ukikuta sesse kuukuu isiyovuja, muulize mwenyewe ni mti gani, na ikiwa kweli ni mvule usiipite haraka.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani na watu wa ziwani hulielewa tofauti. Kule Lamu, adui mkubwa wa jahazi ni mnyoo wa baharini anayetoboa mbao chini ya maji mpaka zikabaki kama sega la nyuki. Mnyoo huyo hawezi kuishi katika maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo sesse ya Kombewa imeepukana naye kabisa. Lakini chumvi hiyohiyo inayomlea mnyoo ndiyo inayozuia ukungu wa kuozesha mbao. Maji ya mvua yakituama ndani ya mashua ya ziwani, mbao huoza kuanzia ndani, polepole, chini ya rangi. Misumari ya kawaida nayo hushika kutu na kulegea. Ukichukua kisu chenye ncha na kukidunga karibu na misumari, kwenye mkuku na pale mataruma yanapokutana na sakafu, mbao nzima itakikataa kisu. Iliyooza itakipokea kama ugali.

Uzuri wa mbao ni kwamba haifichi siri kwa muda mrefu. Mtu yeyote mwenye kisu na subira anaweza kuisoma. Faiba ni tofauti.

KIOO NA GUNDI

Faiba si plastiki kama ya ndoo au jerikeni. Ni kioo. Kioo kinayeyushwa, kinavutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kisha nyuzi hizo zinafumwa kuwa kitambaa au kubanwa ovyo ovyo kuwa kama mkeka. Mkeka huo peke yake ni mlegevu kama blanketi. Kinachoufanya uwe mgumu ni gundi ya maji iitwayo rezini, ambayo ikichanganywa na dawa yake hupata joto na kuganda.

Boti inaundwa kinyumenyume. Kwanza kuna kalibu, umbo la boti lililo laini ndani. Kalibu inapakwa nta ili boti isigande nayo. Kisha inapakwa ile ngozi ya nje, rezini yenye rangi, unene wake kama nusu milimita tu. Baada ya hapo unatandikwa mkeka wa kioo na kuloweshwa kwa rezini, fundi akipitisha rola kuondoa hewa, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka inang'olewa, na ile rangi iliyopakwa mwanzo ndiyo sasa inayong'aa machoni pako.

Unaona basi kwamba ule mng'aro ni nusu milimita. Ubora wote uko nyuma yake: tabaka ni ngapi, hewa iliondolewa au la, rezini ilitosha au fundi alibania. Boti mbili zilizotoka kwenye kalibu moja, zenye rangi moja na urefu mmoja, zinaweza kupishana umri kwa miaka mingi kwa sababu ya mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona.

Habari njema ni kwamba nyuzi za kioo haziozi, mchwa hawazitaki, na boti iliyoundwa vizuri inaweza kufanya kazi kwa miongo kadhaa. Hapo nduguyo hakudanganya.

MALENGELENGE

Sasa, kama una mtoto wa sekondari, mwite hapa. Atakuambia kuhusu osmosisi: ukikata kiazi, ukachimba kishimo na kutia chumvi, kisha ukakiweka kiazi ndani ya maji, maji hupenya kutoka nje na kujaa kwenye kile kishimo. Maji hutoka palipo na uchache wa kitu kilichoyeyuka, hupita kwenye ngozi, na kwenda palipo na wingi.

Boti ya faiba ni kiazi cha namna hiyo. Rezini ya kawaida ya boti, iitwayo poliesta, huonekana haipitishi maji, lakini kwa miezi na miaka hupenyeza kidogo kidogo. Maji yakifika kwenye vishimo vidogo vilivyobakia ndani, huyeyusha chembe za kemikali ambazo hazikuganda sawasawa. Hapo kunakuwa na mchuzi mzito ndani na maji mepesi nje. Maji mengine yanavutwa, mchuzi unaongezeka, na ngozi ya nje inavimba. Matokeo yake ni malengelenge, mengine kama punje ya mtama, mengine kama sarafu ya shilingi ishirini. Ukitoboa lengelenge hutoka maji yenye harufu ya kama siki. (Usilitoboe ukiwa umeinama juu yake, kwa sababu maji hayo yamebanwa na yanaweza kukurukia jichoni.)

Na hapa ndipo watu wa Kombewa wanapaswa kusikiliza kwa makini. Tabia hii ni mbaya zaidi katika maji baridi yasiyo na chumvi kuliko baharini. Bahari yenyewe ina chumvi nyingi, hivyo haivutwi sana na ule mchuzi wa ndani. Maji ya ziwa hayana kizuizi hicho. Tena uvuguvugu huharakisha jambo hili, na Ziwa Victoria si ziwa la barafu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba boti fulani ilikaa Mombasa miaka kumi bila tatizo, mpongeze, lakini usidhani itakaa Kaloka miaka kumi kwa namna hiyohiyo.

Je, hii ina maana kila boti ya faiba ziwani imeugua? La. Ugonjwa huu huzishika hasa boti zinazoshinda na kulala majini bila kutolewa, kama zile za abiria na za watalii. Boti ya mvuvi inayovutwa mchangani kila asubuhi hupata nafasi ya kukauka, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu nzuri ya kupendelea boti iliyokuwa ya mvuvi kuliko iliyokuwa ya hoteli, hata kama ya hoteli inapendeza zaidi. Ila ya mvuvi italipa kwa namna nyingine: tumbo lake litakuwa limesuguliwa na mchanga na mawe mpaka kioo kikaonekana. Mahali nyuzi zinapoonekana wazi, maji yanapanda kwenye nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Malengelenge machache hayaui boti. Yanakwanguliwa, yanaoshwa mara nyingi, yanaachwa yakauke, na sizungumzii siku mbili bali majuma, kisha yanazibwa. Shida ni yule muuzaji aliyepiga rangi mpya juu yake juzi. Boti ya mtumba yenye rangi mbichi ni kama shati la mtumba lililopigwa pasi sana: lazima ujiulize ni wapi palikuwa na tundu.

TEZI NDIYO MOYO

Kama una dakika tano tu za kuikagua boti, zote zitumie kwenye tezi, pale mashine inapofungwa. Watu huenda moja kwa moja kwenye omo kuangalia jina lililoandikwa, na hapo hakuna cha kuona.

Sababu ni hii. Ukuta wa tezi unabeba uzito wa mashine na msukumo wake wote. Kioo na rezini pekee vingelazimika kuwa vinene mno. Kwa hiyo waundaji wengi huweka plaiwudi katikati, kisha huifunika kwa faiba pande zote mbili. Maboriti marefu ya chini ya sakafu mara nyingi huundwa vivyo hivyo, mbao ndani, faiba nje. Basi faiba haiozi, kweli, lakini plaiwudi iliyo ndani yake inaoza vizuri sana! Mwenye boti anatoboa matundu ya boliti za mashine, hayazibi sawasawa, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Nje tezi inang'aa. Ndani imekuwa uji.

Chukua mpini wa nyundo, au hata sarafu, ugonge taratibu kuanzia juu kwenda chini. Palipo pazima hulia mlio mkavu na mkali, kama kugonga mlango wa mvule. Palipooza hulia bubu, kama kugonga tikiti maji. Kisha shika mguu wa mashine kwa chini ukiwa umeinuliwa, uusukume na kuuvuta. Ukuta wa tezi ukicheza, hata kidogo, au ukiona nyufa kwenye kona zake, hapo hununui boti bali unanunua kazi ya kubomoa na kuunda tezi upya. Inawezekana kuifanya, ila bei lazima ishuke kwa kiasi hicho.

Kuna pia chombo cha aina ya tatu, na hiki ni cha kuogopwa: mashua ya mbao iliyovalishwa faiba, kisha ikauzwa kama boti ya faiba. Mbao huvimba ikilowa na hujikunja ikikauka. Poliesta haishiki mbao vizuri, na haiwezi kucheza pamoja nayo. Baada ya muda hubanduka, maji huingia katikati, na koti lililotakiwa kuilinda mbao linageuka mfuko wa kuiozesha. Ukigonga utasikia utupu baina ya koti na mwili.

EPOKSI, NA SOMO LA WATELEZAJI WA MAWIMBI

Utasikia mafundi wakitaja epoksi. Wewe mwenyewe umekwisha kuitumia. Ile Araldite ya dukani, mirija miwili inayochanganywa ili kuunganisha mguu wa kiti, ni epoksi, na imekuwa sokoni tangu miaka ya 1940. Epoksi ya boti ni ya ukoo huo, ila ni nyepesi ili iweze kulowesha kitambaa cha kioo.

Epoksi inapita poliesta kwa mambo matatu: inashika kwa nguvu zaidi, inapitisha maji kidogo zaidi, na hainywei sana inapoganda. Kwa kuziba malengelenge na kuunda upya tezi, ndiyo inayofaa. Lakini ni ghali mara kadhaa, na ina masharti. Ukichanganya poliesta unaweza kupunguza ile dawa kidogo jua likiwa kali. Epoksi haitaki mchezo huo. Kama mtengenezaji amesema mbili kwa moja ni mbili kwa moja, na anayeongeza dawa ili ikauke upesi atapata kitu kinachonata kama sukari guru mpaka Krismasi. Halafu epoksi huchukia jua. Ikiachwa bila rangi hugeuka manjano na kuwa unga, na Kombewa, ndugu msomaji, iko karibu mno na Ikweta, ambayo inapita pale Maseno. Fundi anayekuachia kiraka cha epoksi bila rangi hajamaliza kazi.

Jambo jingine la kukumbuka: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta kuukuu iliyosuguliwa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa hiyo muulize muuzaji viraka vilitiwa nini. Kama hajui, na fundi wako akaja na poliesta, kiraka kipya kinaweza kubanduka kama plasta kwenye kidonda.

Mambo haya yote yamekwisha kujulikana vizuri na watu ambao hungewadhania, yaani wale vijana wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kwetu Kenya utawaona Diani na Watamu, wengi wao wakivutwa na tiara kubwa. Ubao wao ni ndugu wa boti ya nduguyo: kitambaa cha kioo na rezini kwa nje, povu gumu ndani. Kwa miaka mingi povu lilikuwa poliuretani na rezini ilikuwa poliesta. Huko Marekani kampuni moja, Clark Foam, ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la mapovu hayo. Mnamo Desemba 2005 mwenyewe aliifunga ghafla, na waundaji wengi waliobaki bila povu wakageukia polistirini, ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, wakaifunika kwa epoksi. Ubao ukawa mwepesi na mgumu kuvunjika.

Walilazimika kutumia epoksi kwa sababu moja rahisi: poliesta huyeyusha polistirini. Jaribu uone, tone moja tu, povu linanywea kama barafu kwenye jua. Na waliojifunza kununua mbao hizo za mtumba wana desturi ambayo ningependa ifike ufuoni Kombewa. Hawaangalii rangi. Wanauinua ubao na kuupima mkononi. Ubao uliowahi kutobolewa na kuendelea kutumika hunywa maji kupitia tundu hilo, na povu la chembechembe huyashika kama sifongo. Ubao mzito kuliko wenzake wa ukubwa uleule umelewa maji, na hakuna rangi inayoweza kuuficha uzito.

Sasa rudi kwenye boti. Nyingi zina povu chini ya sakafu au chini ya viti. Likilowa, boti inakuwa nzito, inakaa chini majini, inakunywa petroli zaidi, na kiwango cha samaki inachoweza kubeba kinapungua. Na fundi asiyejua akija kuziba ufa karibu na povu la polistirini kwa poliesta yake ya kawaida, anaweza kuliyeyusha povu lote la pale bila mtu kuona. Kwa nje, kiraka kitang'aa.

MBONA POVU LINA MAANA SANA?

Kwa sababu hii, na naomba uisome mara mbili. Mbao inaelea. Sesse ikijaa maji au kupinduka, mara nyingi mwili wake hubaki juu ya maji, na wavuvi wengi wako hai leo kwa kuwa walishikilia mbao mpaka wenzao walipofika. Faiba haielei. Chukua kipande kilichovunjika cha boti, ukitupe ziwani, kitazama kama kigae cha chungu, kwa kuwa ni kizito kuliko maji kwa karibu nusu tena. Boti ya faiba inaelea kwa sababu ya umbo lake tu. Ikijaa maji, yenye mashine nyuma, itakwenda chini moja kwa moja isipokuwa iwe na povu au vyumba vya hewa vilivyofungwa vya kutosha.

Alasiri upepo unapovuma kutoka ziwani na mawimbi kuanza kupanda, tofauti hiyo ni tofauti ya mtu kurudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: povu liko wapi? Ni kiasi gani? Limewahi kulowa? Kama kuna vyumba vya hewa, fungua vifuniko vyake uone kama vimekauka au vimejaa maji na mende. Sioni sababu ya kununua boti ya faiba isiyo na kitu chochote cha kuielesha, hata ikitolewa kwa bei ya baiskeli. Na jaketi za kuokolea maisha zihesabiwe pamoja na boti, si kuahidiwa baadaye.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mwisho wa chombo. Sesse ikichoka inakuwa kuni, au banda la kuku. Faiba haiyeyuki tena. Ni kama yai lililochemshwa, huwezi kulirudisha, na kuichoma hutoa moshi wa sumu. Wale waliounda Flipflopi kule Lamu, jahazi la plastiki na kandambili zilizookotwa, lililozinduliwa 2018 na chombo chao kufika Ziwa Victoria mnamo 2021, walitumia plastiki inayoyeyuka na kuumbwa upya. Faiba haina bahati hiyo. Ukinunua boti mbovu, hata mzoga wake utakuwa wako.

NENDA ASUBUHI

Kwa hiyo usitume pesa Ijumaa usiku. Tuma nauli. Mtu mmoja wa familia mwenye macho aende, na awe amefika ufuoni alfajiri, wakati vyombo vya omena vinarudi na akina mama wanatandaza nyavu za kuanikia. Hapo boti iko majini, ina mzigo, na haijapata muda wa kupambwa. Atazame mstari wa maji ubavuni: je, inakaa sawa, au imeinama upande mmoja au imezama nyuma? Awaulize waliolala ndani yake usiku huo wamechota maji mara ngapi. Wao hawauzi chochote, na kwa kawaida watasema kweli.

Ikishatolewa mchangani isafishwe, igeuzwe, ikauke angalau siku nzima. Boti iliyolowa huficha nyufa ndogo, ila ikikauka, palipo na ufa patabaki na mstari mweusi wenye unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka. Kila unyevu unaochuruzika kwenda nje, baada ya boti kukaa nchi kavu, ni maji yaliyokuwa ndani ya ukuta. Tia alama ya chaki. Halafu gonga, kuanzia tezi kwenda omo, chaki mkononi. Mashine ikaguliwe peke yake na iwe na bei yake peke yake, maana mashine nzuri huuza boti mbovu.

Makaratasi yasisahauliwe. Usimamizi wa kila ufuo, unaojulikana kwa herufi za BMU na uliowekewa kanuni mwaka 2007, huwajua wenye vyombo wake na nambari zake. Pesa zitolewe mbele ya mwenyekiti na katibu, si nyuma ya kibanda cha chai, na jina libadilishwe palepale. Usalama wa vyombo vidogo uko chini ya Mamlaka ya Safari za Majini ya Kenya, ambayo hukagua na kutoa vyeti. Omba uone cheti cha mwisho na tarehe yake. Chombo kilichotoka Uganda au Tanzania kina maswali yake ya ziada, na nduguyo asiyajibu kwa "hakuna shida."

Mwisho, mwombe muuzaji jambo moja. Boti ifungwe majini kuanzia jioni, tupu, ikiwa imepanguswa mpaka sakafu ikawa kavu, na mtu wako alale karibu nayo asije mtu akaikausha usiku. Asubuhi chota maji yaliyoingia kwa kopo ukiyahesabu, na kwa idadi hiyo ya makopo anza kuzungumza bei.